Siku Niliyomweka Mke Wangu Baharini

Haya, chekeni kwanza mmalize, kwa sababu najua hii habari mmeshaisikia kutoka kwa watu wa kanisa, na watu wa kanisa wakianza kusimulia jambo huongeza chumvi mpaka chakula chenyewe hakiliki. Mwenye mambo ni mimi. Mimi ndiye yule mtu aliyesimama mbele ya kanisa zima hapa Huruma, maiki mkononi, shati limepigwa pasi, akamtupa mke wake katikati ya Bahari ya Hindi, kisha akamwangukia mama mkwe wake mapajani, na hayo yote kabla sadaka haijatolewa. Aibu ile bado ninayo, hata leo nikifika karibu na lile kanisa siku za katikati ya wiki navuka barabara nipite upande wa pili, lakini heri mnisikie mimi kuliko kusikia ile ya kuongezewa.

Kwanza mjue kwamba mtaani naitwa Atlasi. Jina hilo nililipatia kwa kinyozi, mahali ninaposhinda siku zile ambazo kule kiwandani (nafanya kibarua Industrial Area, tunatengeneza ndoo na mabeseni) tunaambiwa getini leo hakuna kazi, rudini kesho. Ukinitajia nchi nakutajia mji wake mkuu kabla hujafunga mdomo. Mongolia, Burkina Faso, Paraguay, wewe leta tu, na wateja walikuwa wananipima huku wameshika simu wakitafuta jibu, na hawajawahi kunipata. Basi nikaanza kuringa, kinyozi akaanza kuniita profesa, watu wakibishana kuhusu vita au mpira wa nchi za nje wanasema ngojeni Atlasi aje atuambie. Sasa kutaja ni kitu kimoja na kuonyesha ni kingine, na mimi tangu nizaliwe hakuna mtu aliyewahi kuniambia, haya, onyesha.

Jiografia yangu niliisomea shule ya msingi hapa hapa mtaani, darasa la saba, ambako ukuta mzima wa nyuma ulikuwa umechorwa ramani ya dunia na fundi wa kuandika mabango ya maduka. Fundi alianza vizuri kabisa, Amerika ikakaa, Afrika ikakaa, halafu akafika mlangoni. Mlango wa darasa ulikuwa katikati ya ukuta ule, wa chuma, na mwalimu mkuu alikuwa amekataza usiguswe kwa sababu ndio kwanza umepakwa rangi. Sasa fundi wa watu afanyeje? Akauruka. Afrika ikaishia upande huu wa mlango, India ikaanzia upande ule, na vile vya katikati (Uarabuni yote, na mafuta yake na majangwa yake) vikaangukia mlangoni, yaani havikuchorwa. Sisi tuliosoma pale tumekua tukijua dunia iko hivi: Afrika, mlango, India. Miji mikuu tuliiimba, mwalimu amesimama na fimbo, Saudia Riyadh, Oman Muskat, Yemen Sanaa, na ukiuliza ziko wapi unaambiwa wewe imba.

Haya, mke wangu Nekesa, mama Stella, akapata kazi Saudia, ya kumtunza mama mmoja mzee asiyeweza kutembea. Tuliamua pamoja, siwezi kusema alinitoroka, kibarua changu kilikuwa cha leo kipo kesho hakipo na mtoto alikuwa anakua. Lakini hakuna mtu aliyenieleza nyumba itakavyokuwa. Stella akaenda Njiru kukaa na nyanya yake, kwa shemeji yangu Barasa, mimi nikabaki ghorofa ya nne na chumba kimoja na kitanda ambacho zamani tulikuwa tunakilalamikia ni kidogo. Nikisonga ugali nilijikuta nimesonga wa watu watatu. Leso yake moja ilibaki kwenye msumari nyuma ya mlango, sikuifua, na harufu yake ilipokwisha bado nikaiacha pale pale, mtu akiuliza namwambia itaoshwa kesho. Haki nilimtamani yule mwanamke. Kuna jioni nilikuwa napanda ngazi nasikia mama fulani anacheka ghorofa ya juu, nakimbia, nafika, naona si yeye, nashuka tena polepole nikijifanya nilisahau kitu.

Tulikuwa tunaongea kila jioni, akishamlaza yule mama, na saa za kule ni hizi hizi zetu (hilo nalo nililitangaza sana kwa kinyozi, kwamba mimi na mke wangu jua linatuchwea pamoja). Na hapa ndipo ujinga wangu ulipokuwa. Una hamu na mtu wako mpaka kifua kinauma, simu inaita, uso wake unatokea kwenye kioo, kitambaa kichwani, macho ya uchovu, na wewe badala ya kusema ulilonalo moyoni unamwambia, leo Riyadh ni digrii arobaini na mbili, kunywa maji. Kila jioni, nawaambia. Hali ya hewa ya Riyadh niliijua kuliko ya Huruma, nguo zangu zilinyeshewa juu ya paa huku najua fika kwamba Riyadh hakuna mawingu. Nilidhani hayo ndiyo mapenzi. Yeye ananijibu, sawa baba Stella, nitakunywa.

Mkataba wake wa miaka miwili ulipokaribia kwisha, yule mama akamwomba aongeze miwili mingine, na Nekesa akaniuliza mimi naonaje. Nikamwambia tutaangalia. Akaniuliza tena. Mara ya mwisho aliniuliza akiwa ameisogeza simu karibu sana, naona macho tu, na mimi nilikuwa na neno moja tu mdomoni, rudi, lilikuwa limefika hadi kwenye meno. Halafu nikawaza, mwanamume anayerudishwa getini kama muuza karanga, atatoa wapi uso wa kumwambia mke wake aache kazi? Nikamwambia uamuzi ni wako mama Stella, mimi lolote nitakubali, kisha nikaanza kumweleza habari za majangwa. Akasikiliza majangwa yote mpaka mwisho. Akasema basi, yule mama anataka jibu kufikia Jumatatu, lala salama.

Sasa kanisa letu lina Jumapili moja kila mwaka ya kuwaombea watu wetu walio ng'ambo, kwa sababu siku hizi hakuna ploti ya wapangaji isiyokuwa na mtu Dubai, Qatar au Saudia. Mwaka huu Mwalimu Akinyi, yule dada anayefundisha shule ya Jumapili, akaja na mpango mpya. Alisema tunawaombea watu hawa kama mbuzi waliopotea, hata hatujui wako upande gani, sasa safari hii itatundikwa ramani kubwa ya dunia mbele, na kila familia itakuja ichome pini mahali mtu wao alipo, kisha kanisa limwombee. Ramani yenyewe haitakuwa na jina hata moja. Ni mtihani kidogo, akasema, lakini asiyejua asione haya, aseme tu, tutamsaidia. Mimi niliposikia hivyo damu ilinichemka. Jumapili yenyewe ilikuwa ile ya kuamkia Jumatatu ya jibu, nikaona Mungu mwenyewe amenipangia, kwamba Nekesa akiniona nimesimama mbele za watu nikionyesha kwa kidole mahali alipo, atajua mwenyewe ninavyomtaka nyumbani bila mimi kulitamka lile neno.

Nikaomba mambo mawili, niwe wa kwanza, na Nekesa apigiwe kwa vidio ili ashuhudie. La tatu nikalifanya kimyakimya, nikataka mama mkwe wangu awepo na Stella. Na hapa lazima niwaeleze wale msiotoka kwetu Magharibi. Mama mkwe kwetu si mtu wa kuzoeana naye. Humpi mkono, huketi karibu naye, hamli pamoja, mkikutana njiani mmoja anaacha njia, na ukiwa na neno unampa mtu amfikishie. Basi nikamtuma Barasa. Nikamwambia, mwambie mama aje kanisani kwetu Jumapili, kuna maombi ya Nekesa. Na Barasa ni mtu wa maneno ya kuhesabu, akamfikishia vile vile, hakuongeza hata nukta.

Fikirieni nyinyi wenyewe. Mtu wa kwetu akifiwa haambiwi waziwazi. Anaitwa mahali, anakuta watu wamekusanyika, mchungaji yupo, anapewa kiti, anaanza kuzungushwa zungushwa mpaka mwenyewe anaelewa. Mama wa watu ana binti ughaibuni, habari za ughaibuni zote anazisikia redioni, halafu anaambiwa njoo kanisani, kuna maombi ya Nekesa. Nilikuja kuambiwa baadaye kwamba alikaa siku zote zile bila kula vizuri, na Jumapili alikuja amevaa nguo nyeusi, akaketi kiti cha nyuma kabisa karibu na akina mama, Stella ubavuni mwake. Mimi nilimwona kwa mbali nikasema moyoni, angalia mama alivyopendeza.

Ibada ikafika mahali pake. Mwalimu Akinyi akaanza kwa kutupima kidogo ili kuchangamsha watu, kaskazini ni upande gani wa ramani, ikweta inapita wapi, bahari gani iko kati yetu na Amerika, na yote hayo niliyajibu kutoka kitini kwa sauti, nikipewa makofi, mtu mmoja akapiga mluzi. Kisha ramani ikafunuliwa. Jamani. Mimi nilitarajia rangi, kijani huku, bluu kule, kumbe wametafuta ya bei nafuu, ni mistari myeusi mitupu kwenye karatasi nyeupe, nchi kavu nyeupe, bahari nyeupe, kila kitu kimenyamaza. Akinyi akaniuliza kwa upole kama ningependa anionyeshe pa kuanzia. Nikamwambia, kwenye maiki, watu wakisikia, kwamba mwalimu, mtu haonyeshwi njia ya kwake.

Nekesa alikuwa ameshatokea kwenye simu, Akinyi ameishika juu, sauti imeunganishwa kwenye spika za kanisa. Alivaa kitambaa cha maua. Alicheka kidogo kuona watu wote wale, akapunga mkono. Nikaigeukia ramani. Afrika nikaipata, hiyo hata kuku anaipata. India nikaipata, ile iliyochongoka kwenda chini. Katikati yake palikuwa na nafasi kubwa nyeupe, pana, imezungukwa na mistari, nikakumbuka ule mlango wetu wa darasa la saba na nikajiambia, hii hapa ndiyo iliyokuwa mlangoni, nchi yenye mafuta yote yale haiwezi kuwa ndogo. Nikachoma pini katikati kabisa, riboni nyekundu ikaning'inia, nikawageukia watu nikasema mke wangu yuko hapa, Riyadh, na nikasimama nikingoja makofi.

Hayakuja. Akinyi akakaribia akaninong'oneza kwamba ndugu Wafula, hapo ni bahari. Mtu mwenye akili timamu angesema samahani, akang'oa pini, akasogeza. Mimi nikabishana. Nikamwambia mwalimu aangalie vizuri, bahari haiwezi kuwa na mistari pande zote, na yeye akanieleza kwamba ile mistari ni pwani, huku Somalia, kule India, na humu ndani yote ni maji, na kwa kuwa maiki ilikuwa bado mdomoni mwangu kanisa zima lilisikia neno kwa neno. Mtu wa viti vya katikati akasema amemzamisha. Basi vicheko, vicheko mpaka watoto wa shule ya Jumapili wakaja mlangoni kuangalia.

Mchungaji wetu ni mtu wa huruma, akaona nimeaibika, akachukua maiki aniokoe. Akainua mkono kuwanyamazisha watu, akatumia ile sauti yake nzito ya mazishi, akasema wapendwa, hili si jambo la kucheka, Nekesa ni binti yetu, na hata huko baharini mkono wa Bwana unafika, tusimame tuombe. Na wakati huo huo, kwa sababu siku yangu ilikuwa imeshaandikwa, mtandao ukakatika, na uso wa Nekesa ukaganda pale kwenye simu aliyoinua Akinyi, macho yamefumbwa nusu, mdomo wazi, hatikisiki.

Nilisikia kitu kimeanguka nyuma. Ni mkoba wa mama mkwe. Alikuwa amesimama, mikono yote miwili kichwani, anaitazama ile simu. "Mlijua," akasema. "Mlijua wote, mkanyamaza." Kisha akapiga nduru, ile nduru ya kwetu inayoanzia tumboni, na akina mama walio karibu naye, hata bila kujua wanalilia nini, wakampokea, Stella naye akaanza kulia akimwita mama yake, na wapita njia nje wakasimama kwa sababu kanisa limegeuka matanga.

Sikufikiri. Niliacha ramani, nikateremka pale mbele nikakimbia katikati ya viti, na vile viti vya plastiki mnavijua, kimoja kikanishika mguu wa suruali, nikaenda nacho hatua kadhaa, halafu tukaachana, mimi nikaruka mbele mikono imenyooshwa. Mkono mmoja ulimshika mama mkwe wangu mkono. Kichwa kilitua mapajani mwake, maana na yeye alikuwa ameketi kwa kishindo. Nduru zikakatika kama umeme. Kanisa lile halijawahi kunyamaza hivyo hata kwenye maombi ya toba. Mzee mmoja wa kwetu alifunika uso kwa Biblia. Na mimi, kwa kuwa nilikuwa nimeshafika na hakuna pengine pa kwenda, nikasema pale pale nilipolala, "Mama, Nekesa yuko hai. Ni mimi sijui ramani."

Na mtandao ukarudi. Sauti ya mke wangu ikatoka kwenye spika zote nne, ikauliza, baba Stella, unafanya nini kwa mama? Watu walicheka tena, lakini safari hii ni kile kicheko cha kufuta machozi. Mama mkwe aliondoa magoti yake taratibu, nikabaki sakafuni, akamwuliza mwanawe mara nyingi kama ni yeye kweli, amekula nini, anyanyuke aone amesimama, na Nekesa akanyanyuka akajizungusha mbele ya simu yake, akamwambia mama mimi mzima, hao wanacheza tu na karatasi. Nilitamani sakafu ipasuke. Nilikuwa nikijipangusa vumbi nikielekea mlangoni, safari yangu ilikuwa ya kwenda nyumbani na kuhama mtaa, Nekesa aliposema kupitia spika kwamba nisiondoke, nirudi mbele, na Akinyi aielekeze simu kwenye ramani aione.

Nikarudi. Aliitazama ile riboni yangu kwa muda. Halafu akasema, "Baba Stella, mimi sikai Riyadh. Sijawahi kukaa Riyadh. Nakaa Jeddah."

Nikamwuliza, sasa zile digrii nilizokuwa nakuambia kila siku? Akasema alijua ni za mji mwingine, lakini maji alikunywa tu. Kisha akaniambia nitie kidole Nairobi, polepole, nimsikilize. Akaanza kuniongoza. Nipande juu, nipite Ethiopia, nisiende kulia, hapana, nimeshaingia majini tena, nirudi. Sasa nitaona bahari nyembamba inapanda kushoto. Hiyo. Nipande nayo, nisivuke kwanza, nipande, nipande, sasa nivuke, upande wa kulia, hapo hapo ukingoni. Nikamwuliza ameyajulia wapi haya yote, yeye ambaye shuleni alikuwa akipata alama za chini kuliko zangu. Akasema kwenye ndege kila kiti kina kioo kidogo mbele yake chenye ramani na picha ya ndege inayotembea, na wengine walikuwa wanaangalia filamu, lakini yeye alikiangalia kile kioo tangu waliporuka Nairobi mpaka waliposhuka, bila kupepesa, ili ajue njia ya kurudia nyumbani.

Kidole changu kilikuwa bado pale ukingoni. Nikafungua kiganja. Kidole gumba kikafika Kenya. Jamani, kiganja hakikufunguka hata chote. Mimi miaka hii miwili nilikuwa nikilala nikidhani mke wangu yuko upande mwingine wa dunia, kule kusikofikika, na kumbe mkono wangu mmoja unatosha kutugusa wote wawili. Sijui niwaeleze vipi. Iliniuma zaidi kwamba ni karibu. Mbali mtu unazoea, unasema basi ni mbali, lakini pale ni hapa tu na bado siwezi kwenda, bado siwezi hata kumshika bega. Nikasahau watu. Nikasahau mchungaji na mzee mwenye Biblia na kwamba maiki iko wazi pale kwenye mimbari ubavuni mwangu.

"Nekesa," nikasema, "rudi. Siwezi kukaa bila wewe. Kazi tutatafuta, tutakula tutakachopata, lakini wewe rudi."

Niliona anaangalia kando, anaangalia juu, anafunga kitambaa ambacho kilikuwa kimeshafungwa. Kanisa zima lilikuwa limeinamia ile simu.

"Baba Stella," akasema, "nimetia sahihi juzi."

Nikamwambia si alisema Jumatatu. Akasema ndiyo, ilikuwa mpaka Jumatatu, lakini aliona hakuna haja ya kungoja, kwa sababu amenisikiliza wiki nyingi na nimemwambia kuhusu joto na upepo na mchanga, na akasema moyoni, huyu angekuwa ananitaka angesema. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayekuambia duka limeshafungwa. Nikabaki nimeshika ramani ya watu, machozi yananitoka mbele ya wateja wote wa kinyozi waliokuwa mle kanisani, na Akinyi naye analia huku bado ameinua simu, na mchungaji anageuza kurasa akitafuta andiko na halipatikani.

Aliyeniokoa ni mama mkwe. Sauti yake ilitoka kule nyuma, na kwa kuwa hawezi kusema na mimi moja kwa moja aliwaambia akina mama waliomzunguka, lakini kwa sauti ya kunifikia. "Mwambieni mkwe wangu aketi," akasema. "Amesikika." Wakaniambia, nikaketi. Stella akaja akaketi juu ya magoti yangu, na wakaanza wimbo, na Nekesa kule kwenye spika akauimba nasi mpaka yule mama mzee anayemtunza alipoamka akamwita.

Ile ya kumshika mama mkwe ilibidi irekebishwe kimila, nilimpelekea blanketi na kuku kupitia kwa Barasa, wazee wakasema yameisha. Hii nyingine, ya neno lililochelewa, haina blanketi. Nimeapa sitashika pini wala maiki tena maishani mwangu, na kwa kinyozi mtu akinitajia nchi namwambia sijui, muulize mwenye simu. Na nyinyi mlio na watu wenu mbali, msicheke tu mkaenda, kama una neno liseme leo, usilizungushe, maana kuna mtu kule ameshika kalamu anakusikiliza. Mimi sasa kila jioni simu ikiunganika, kabla hata ya salamu, namwambia Nekesa rudi, na yeye ananijibu nimesikia, baba Stella, sasa niambie leo umekula nini.